MWENYE KUNUNUA MBEGU AMENUNUA NINI?

Somo hili ni katika mlango wa kuuza na kununua, na masala yake ni mbegu. Huenda msomaji akadhani ya kuwa masala haya ni madogo, kwani mbegu huuzwa sokoni tangu zamani, na hukumu yake ni hukumu ya nafaka nyingine. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini katika miaka hii mbegu imekuwa ni bidhaa ya namna mbali, ina sharti zisizokuwako katika mchele wala katika nguo, na walio wengi hununua pasi na kuzijua sharti hizo.

Mkulima wa pwani, awe ni wa Kilifi au Kwale, wa Tanga au Pemba, alikuwa na desturi aliyoirithi. Mahindi yakishavunwa, kabla hayajapukuchuliwa, huketi yeye na mkewe (na mara nyingi mke ndiye mwenye jicho) wakachagua yaliyojaa na kunyoka mistari. Haya hufungwa kwa maganda yake yakatungikwa katika uchaga juu ya jiko, ili moshi uyapate na fukusi asiyakaribie. Kunde na choroko hutiwa katika kibuyu pamoja na jivu, kikazibwa mdomo. Hiyo ndiyo mbegu, na mbegu haliwi, hata nyumba ikiwa ina njaa. Na jirani ambaye mbegu yake imeharibika, au aliyelazimika kuila, huja akaomba pishi moja, akapewa. Mwaka huu ni huyu, mwaka ujao ni yule.

Basi msomaji na asikie. Katika sheria ya mbegu ya Kenya, kama ilivyogeuzwa mwaka wa 2012, pishi hiyo ilikuwa ni kosa. Mwenye kuuza, au kubadilishana, au kumgawia mwenziwe mbegu isiyosajiliwa wala kuthibitishwa, aliweza kufungwa miaka 2 au kutozwa faini hata kufika shilingi 1,000,000. Mwaka wa 2022 wakulima 15 wenye mashamba madogo walikwenda mahakamani kuipinga. Wakangoja miaka mitatu. Tarehe 27 Novemba 2025 Mahakama Kuu ikahukumu ya kuwa vifungu hivyo vyapingana na katiba ya nchi, na ya kuwa mkulima ana haki ya kuweka mbegu yake, na kubadilishana, na kumpa mwenziwe.

Hapana budi kusema kweli juu ya sheria ile, kwani haikuandikwa na watu waliotaka njaa. Katika soko la mbegu mna ghushi nyingi. Hutokea mtu akachukua mahindi ya kula, akayatia rangi, akayafunga katika mfuko mzuri, na maskini akalipa fedha yake ya mwisho, akapanda, na yasiote. Khasara ya mkulima huyu si bei ya mfuko peke yake, bali ni mvua ya msimu mzima iliyompita. Na jambo la kuangalia bidhaa za sokoni ni jambo la dini kabla halijawa la serikali. Khabari ya Mtume (S.A.W.) kuingiza mkono wake katika chungu ya chakula sokoni, akakuta umande ndani na ukavu juu, ni mashuhuri, na maneno yake juu ya mwenye kughushi yajulikana na kila mtoto wa chuoni. Kwa hivyo serikali ikimwambia mfanyi biashara ya mbegu, "Usiuze mpaka mbegu yako ikaguliwe," imefanya wajibu wake. Kosa la sheria ile lilikuwa mahali pengine. Hukumu ya soko ilichukuliwa ikatiwa katika uchaga wa nyumba, na jirani mwenye kutoa sadaka akawekwa daraja moja na mwenye kuhadaa.

Ili kufahamu sababu yake, yafaa kwanza kuzipambanua mbegu zenyewe, kwani neno ni moja na vitu ni mbalimbali.

Iko mbegu ambayo mtoto wake hufanana na mzazi. Ndiyo mbegu ya wazee, kama mahindi ya mdzihana ya upande wa Kilifi, na kunde, na mtama, na mpunga. Na katika namna hii hii yako mahindi yaliyotengenezwa na wataalamu wa serikali kwa ajili ya pwani, yaitwayo Coast Composite, yaliyotolewa na kituo cha Mtwapa mwaka wa 1974. Mkulima akiyapanda aweza kuweka mbegu yake mwenyewe, akapanda tena na tena.

Kisha iko mbegu ya chotara. Wataalamu huchukua mahindi wakayazalisha yenyewe kwa yenyewe vizazi kadha wa kadha mpaka yakawa ya damu moja, na haya huwa dhaifu. Kisha dhaifu huyu akachanganywa na dhaifu wa ukoo mwingine, na mtoto wao hutoka na nguvu ya ajabu, akazaa kushinda wazee wake wote. Walakini nguvu hiyo ni ya mtoto peke yake. Wajukuu hutoka kila mmoja na sura yake, huyu mrefu, huyu mfupi, huyu hana kitu, na mavuno hupungua. Kenya ilitoa chotara yake ya H611 huko Kitale mwaka wa 1964, ikaenea bara kwa haraka. Pwani ilipata Pwani Hybrid 1 mwaka wa 1989 na Pwani Hybrid 4 mwaka wa 1995.

Katika chotara hapana dhuluma, maadamu muuzaji amesema kweli, kwani kufuli yake ni tabia ya mmea wenyewe, haikufungwa na mtu. Aliyenunua chotara anayo milki yote ya alichonunua. Akitaka kupanda wajukuu hapana wa kumkataza, ila ataona mwenyewe shambani. Kitu kinachompasa kukijua mapema ni kuwa amekwisha kujifunga na duka. Kila msimu atahitaji fedha kabla ya mvua, na ikiwa fedha haiko, au duka halina, au gari limekwama, ardhi italala. Wako waliopima jambo hili wakaona faida ya chotara ni kubwa kuliko taabu yake, na wako walioonelea kinyume, wakapanda nusu kwa nusu. Hawa wa nusu kwa nusu ndio wenye akili.

Namna ya tatu ndiyo yenye masala. Ni mbegu ambayo yaota, na mtoto wake hufanana na mzazi, na tabia yake haimkatazi mtu kuiweka, lakini sheria yamkataza. Mwenye kuizalisha amepewa haki na dola ya kuwa yeye peke yake ndiye mwenye kuizidisha na kuiuza. Mnunuzi amelipa bei, ameichukua, ameipanda katika ardhi yake, ameipalilia kwa mkono wake, na baada ya haya yote punje iliyotoka shambani mwake ni halali kwake kuila na kuiuza kama chakula, na si halali kwake kuirudisha ardhini.

Jambo hili lina historia. Mwaka wa 1961 mataifa ya Ulaya yaliafikiana mjini Paris juu ya haki za wazalishaji wa mbegu, ukazaliwa muungano uitwao UPOV, wenye makao yake Geneva. Mapatano yao yaligeuzwa mwaka wa 1978, kisha 1991. Katika yale ya 1978 mkulima aliachiwa nafasi pana ya kuweka mbegu yake. Katika yale ya 1991 nafasi hiyo ilibanwa: kuweka mbegu iliyolindwa kwa ajili ya shamba lako mwenyewe ni jambo la kuruhusiwa na serikali ikitaka, na kwa mipaka yake, na kumpa mwenzio hakumo. Kenya iliingia mwaka wa 1999 kwa yale ya kwanza, na mwaka wa 2016 ikafunga yale ya 1991. Tanzania iliingia moja kwa moja katika ya 1991 mwezi wa Novemba 2015, nayo ndiyo ya kwanza miongoni mwa nchi maskini kabisa za ulimwengu kufanya hivyo. Zanzibar ilitunga sheria yake mbali mwaka wa 2014.

Na kwa mfano wa namna mahakama zinavyohukumu katika nchi za wenye mbegu hizi, iko khabari ya mkulima mmoja mzee wa Indiana, Marekani, jina lake Vernon Hugh Bowman. Alinunua soya katika ghala ya nafaka, soya ya kuuzwa kwa chakula cha wanyama, akaipanda. Kwa kuwa wakulima wengi wa pande zile walikuwa wakipanda soya ya kampuni ya Monsanto, nyingi katika punje zile zilikuwa na tabia iliyotiwa na kampuni. Akaweka mbegu yake mwaka hata mwaka. Kampuni ikamshitaki. Hoja yake ilikuwa hii: kitu kikishauzwa, haki ya muuzaji juu yake imekwisha. Mwezi wa Mei 2013 mahakama iliyo kuu kabisa ya nchi ile ikahukumu, pasi na hakimu hata mmoja kukhitalifu, ya kuwa haki imekwisha juu ya punje ile ile aliyoinunua, lakini haikwisha juu ya punje zilizozaliwa nayo, kwani kupanda ni kutengeneza mfano mpya wa kitu chenye hataza. Akaamriwa kulipa dola 84,456. Monsanto yenyewe ilinunuliwa na Bayer ya Ujerumani mwaka wa 2018, na katika miaka hiyo hiyo kampuni nyingine kubwa za mbegu na dawa ziliungana, hata biashara ya mbegu ya ulimwengu ikawa mikononi mwa wachache, na wengi katika wao ndio hao hao wauzao dawa za kunyunyizia.

SUALI: Je, mauzo ya namna hii yakipimwa kwa fikihi huwaje?

JAWABU: Asili ya kuuza ni kuhamisha milki. Muuzaji hutoka katika kitu, na mnunuzi huingia, akamiliki dhati yake na manufaa yake na ziada yake. Aliyenunua mbuzi, mtoto wa mbuzi ni wake. Aliyenunua mnazi, nazi ni zake. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani hii, wamesema ya kuwa sharti inayopingana na maana ya akidi, kama kumuuzia mtu kitu kwa sharti asikiuze, hubatilisha mauzo. Na asili ya mlango huu ni khabari ya Barira. Bibi Aisha (R.A.) alitaka kumnunua ili amwache huru, na mabwana zake wakashurutisha ya kuwa haki ya walaa ibaki kwao. Mtume akaibatilisha sharti ile, akasimama akawaonya watu juu ya masharti yasiyokuwa na asili katika Kitabu cha Mungu, yawapo mengi namna gani.

Huenda akasema msemaji: "Kampuni haiuzi mbegu, bali yaikodisha kwa msimu mmoja." Neno hili ni dhaifu kuliko la kwanza. Kukodisha sharti yake ni kitu kibaki na manufaa yatoke, kama nyumba na mnyama wa kupanda. Kitu ambacho matumizi yake ni kumalizika kwake hakikodishwi. Mafakihi hupiga mfano wa mshumaa: haukodishwi ili uwashwe, kwani ukiwashwa umekwisha. Na punje ya mbegu ikitiwa ardhini hutumika ikaisha, ndio maana ya kuota. Hapana kilichobaki cha kurudishwa kwa mwenyewe.

Lakini insafu yataka na upande wa pili usikiwe. Mwenye kuzalisha mbegu mpya hufanya kazi ya miaka kumi na zaidi, na gharama zake ni nyingi, na mtu mwingine aweza kuchukua mfuko mmoja, akauzidisha katika msimu miwili mitatu, akaufurika soko. Kwa ajili ya mambo kama haya wanavyuoni wa Chuo cha Fikihi cha nchi za Kiislamu walikutana Kuwait mwezi wa Desemba 1988, wakaamua ya kuwa jina la biashara, na haki ya mtungaji, na haki ya mvumbuzi, ni haki zenye thamani ya mali, na si halali kuzishambulia. Na wako katika Mahambali wanaopanua mlango wa masharti kuliko wengine, wakaona ya kuwa asili ya masharti ni kufaa mpaka pawe na dalili ya kukataza. Kwa hivyo mfanyi biashara achukuaye mbegu ya mwenzake, akaizidisha kwa magunia, akaiuza kwa jina la mwenyewe, huyo amedhulumu, na mwenye kumtetea kwa jina la umaskini amekosea.

Masala yaliyobaki ni mkulima, si mfanyi biashara huyu. Na hapa iko kaida moja ya fikihi inayopambanua vizuri kuliko maneno mengi. Faida hufuata dhamana, yaani mwenye kustahiki pato la kitu ni yule ambaye kitu kile kikipotea khasara ni yake. Basi na aulizwe mwenye kudai haki juu ya punje za shambani: mvua isiponyesha, nani hupata khasara? Nyani wakiingia, nani hukesha? Viwavi wakila majani, kampuni hurudisha bei? Hairudishi, wala hairudishi nusu yake. Khasara yote ni ya mkulima, tangu punje ya kwanza hata ya mwisho. Vipi basi ziada iwe na mwenyewe mwingine?

Na jambo hili si geni katika vitabu. Mafakihi walipozungumza juu ya kulima kwa kugawana mavuno, walitofautisha majina kwa kuangalia mbegu imetoka wapi. Mbegu ikitoka kwa mwenye ardhi waliita muzaraa, ikitoka kwa mfanyi kazi waliita mukhabara, na wakakhitalifiana juu ya uhalali wake kwa maneno marefu yasiyo mahali pake hapa. Linalofaa hapa ni kuwa, kwa wale walioyahalalisha, mwenye kutoa mbegu ili apate fungu la mavuno huingia katika khatari pamoja na mwenziwe, na shamba likifa fungu lake limekufa. Hapana aliyetaja mtu wa tatu, ambaye amekwisha kulipwa bei ya mbegu yake, hana ardhi wala jembe, wala khatari, kisha akawa na neno juu ya mavuno ya mwaka wa pili.

Hata hivyo mwenye kutia saini na atimize. Muislamu hafanyi hila ya kuchukua mfuko ulioandikwa sharti, akakubali kwa ulimi, kisha akavunja usiku. Njia iliyo salama ni kusoma mfuko kabla ya kulipa, na asiyejua kusoma amwombe mwenziwe amsomee, na akiona sharti asiyoiridhia aache, atafute mbegu isiyo na kufuli. Na mbegu hiyo iko. Huko Tanzania Bara sheria yenyewe imeacha mlango kwa mbegu za kuazimiwa ubora, ambazo wakulima wadogo huzizalisha chini ya uangalizi wakawauzia wenzao wa karibu.

Na wako watakaosema ya kuwa pasi na kufuli hapana mtu atakayejitaabisha kuzalisha mbegu mpya. Hawa yawafaa kuiangalia mihogo.

Katika milima ya Usambara, juu ya Tanga, pana mahali paitwapo Amani. Wajerumani walijenga hapo kituo cha elimu ya mimea mwaka wa 1902, na baada ya vita Waingereza wakakishika. Mihogo ya pwani ilikuwa na maradhi mawili: batobato, yakunjayo majani, na michirizi ya kahawia, yaozeshayo muhogo ndani ya ardhi hali majani yaonekana mazima. Maradhi haya ya pili yalielezwa kwa mara ya kwanza hapo hapo Amani, na mtaalamu aitwaye Storey, mwaka wa 1936. Yeye na wenzake wakauchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, ule mti wa mpira uitwao mpira wa Ceara, kisha mtoto wakamrudisha kwa muhogo mara baada ya mara, mpaka wakapata mihogo yenye kuliwa na yenye kustahimili. Kazi hii iliwachukua miaka mingi.

Vipande vya mihogo hiyo vilitoka Amani vikaenda mikononi mwa watu. Mmoja wao, uliokuwa na hesabu 46106/27 katika daftari, ulifika pwani ya Kenya, na watu wakauita Kaleso. Huo huo ulishuka kusini mwa Tanzania, na huko waliuita Namikonga. Miaka mingi ikapita, na hapana aliyejua ya kuwa hao wawili ni mmoja, mpaka wataalamu wa siku hizi walipoupima uzao wao wakakuta ni mti ule ule. Umetembea kutoka jirani hata jirani, ukibadilishwa jina njiani. Na mwingine katika mihogo ya Amani ulipelekwa Ibadan, Nigeria, na kuanzia miaka ya 1970 wataalamu wa huko waliuzalishia mihogo yenye kustahimili batobato iliyoenea Afrika ya Magharibi na ya Kati. Lau kila kipande kingalikuwa na sharti yake, na kila jirani akahofia kufungwa, Kaleso ungalikufa Amani kabla haujafika Mtwapa. Kazi ya kuuzalisha ililipwa kwa mali ya serikali, na faida yake ikawa ya kila mwenye jembe.

Nchi ya Iraki nayo ina khabari yake, na husimuliwa kwa kuzidishwa, kwa hivyo yafaa kuitia katika mizani. Huko na pande zake ndiko ngano na shayiri zilikoanza kulimwa na binadamu. Mwezi wa Aprili 2004, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya kigeni, mtawala wake Mmarekani, Paul Bremer, alitoa amri ya 81, ambayo ndani yake mkulima alikatazwa kupanda tena mbegu iliyolindwa. Watu wengi wakaeneza ya kuwa Wairaki wamekatazwa kuweka mbegu za babu zao. Si kweli. Amri ile ilihusu mbegu mpya zilizosajiliwa. Lakini msiba mwingine ulikwisha kutangulia: hazina ya mbegu za nchi, iliyokuwa Abu Ghraib, iliharibika katika vita vya 2003. Na mkulima aliyekosa mbegu ya zamani na kukatazwa kuweka ile mpya, kilichobaki kwake ni duka.

Lililoiokoa mbegu ya Iraki ni kuwa sehemu yake ilipelekwa mapema, mwaka wa 1996, kwa jirani, katika kituo cha kimataifa cha ICARDA karibu na Halab, nchi ya Shamu. Kisha vita vikafika Halab nako. Lakini wenye kituo walikuwa wamepeleka mifano ya mbegu zao katika ghala iliyochimbwa ndani ya mlima wa barafu huko Svalbard, kaskazini ya Norway, iliyofunguliwa mwaka wa 2008. Mwaka wa 2015 wakaenda kuzitoa, nao walikuwa wa kwanza kuitoa amana katika ghala ile, wakazipanda Lebanoni na Moroko, na mwaka wa 2017 wakarudisha amana nyingine mahali pake. Kenya nayo ina hazina yake ya mbegu huko Muguga tangu 1988. Kikundi cha wakulima kilichopoteza mbegu ya mji wao kina njia ya kwenda kuuliza huko kama ingaliko.

Walakini hazina ya barafu haifai kitu ikiwa uchaga ni mtupu. Mwenye kutaka kuweka mbegu na aianze kazi yake shambani, si ghalani. Mahindi huchukua chavua, yaani vumbi la ua, kwa upepo, kwa hivyo yaliyo ukingoni karibu na shamba la chotara la jirani yamekwisha kuchanganyika, na ya mbegu huchaguliwa katikati. Na ichukuliwe kutoka mashina mengi, mia moja au zaidi ikiwezekana, kwani mahindi yenye wazee wachache hudhoofika mwaka hata mwaka, na hili ndilo kosa la wengi walioweka mahindi matano mazuri kisha wakailaumu mbegu. Kunde na choroko ni nyepesi, maua yake hujitosheleza. Muhogo usikatwe kipande ila katika shina lililong'olewa likapasuliwa mzizi ukaonekana mweupe ndani. Na asisahau mkulima ya kuwa zaka ya nafaka huhesabiwa kabla mbegu haijatengwa, ikiwa mavuno yamefika kiwango.

SUALI: Ikiwa watu wa mtaa watafanya ghala ya mbegu, mwenye haja akopeshwe pishi na wakati wa mavuno arudishe pishi mbili, ili ghala izidi, yafaa?

JAWABU: Haifai. Desturi hii imeenea, na nia yake ni njema, na huletwa na watu wema wasiojua hukumu. Kukopesha kwa sharti ya ziada ni riba, ikiwa ni fedha au ikiwa ni mahindi. Pishi hurudi pishi, ya namna ile ile. Mkopaji akizidisha kwa ridhaa yake, pasi na kushurutishwa wala kuwa ni desturi inayongojewa, ni vyema, kwani Mtume alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora kuliko yeye. Na ikiwa watu wataka ghala yao izidi, iko njia nyingine. Mbegu yenyewe haiwekwi wakfu katika madhehebu ya Shafii, kwani hutumika ikaisha, lakini shamba huwekwa wakfu. Mwenye ekari moja aweza kuifanya wakfu, akaandika katika hati ya kuwa mazao yake ni mbegu ya kupewa watu wa mtaa wake, wenye kuhitaji kwanza, na akamtaja mtazamaji wake, na aina za mbegu azipendazo, na kuwa anayepewa hadaiwi kitu.